Manzi Aliuza Kansa Hakuwa Nayo

Kama umewahi dandia mat ya Kayole saa kumi na mbili jioni, huyu msee unamjua. Anaingia pale Muthurwa mat bado inajaza, anasimama katikati ya viti, paketi za kaki kwa mkono, sauti kama ya pasta wa krusedi. Poleni na kazi abiria, sitachukua muda mrefu. Halafu anaanza kuita magonjwa vile odijo anaita rejista: miguu kuwaka moto, mgongo, vidonda vya tumbo, presha, sukari, kuamka kukojoa mara tano usiku, nguvu za kiume, nguvu za kike. Zote zinaponywa na unga moja ya kijani. Paketi finje, tatu soo. Na kabla ucheke, anatoa kadi ya mwisho: mimi mwenyewe, wapendwa, juzi tu hapa nilikuwa nabebwa kwa blanketi.

Hapo ndio mathe wa siti ya nyuma anafungua kibeti.

Nimekuwa nikimwaza huyo jamaa tangu nimalize Apple Cider Vinegar, ile siriz ya Netflix ilidondoka Februari 2025. Wasee wengi wa base yetu waliicheki wakadhani ni stori ya kutunga tu. Enyewe imepakwa chumvi hapa na pale, na siriz yenyewe haifichi. Lakini manzi mwenyewe ni msee wa nyama na damu, anaitwa Belle Gibson, mzaliwa wa 1991, wa huko Australia. Alianza biz ya afya bila kitu, akaomoka vibaya, akaanguka vibaya zaidi. Nikiipima kazi yake naona ni ile ile ya jamaa wa Muthurwa. Tofauti ni viatu. Za jamaa ziko na vumbi.

Belle alizaliwa Launceston, mji wa kisiwa cha Tasmania, akakulia Brisbane. Hakuwa mtoi wa mdosi. Alipita Perth kidogo, akatua Melbourne akiwa bado tineja, na 2010 akapata mtoi wa kiume. Kabla ya hapo, kabla Instagram ata izaliwe, alikuwa kwa jukwaa fulani la wasee wa skeitibodi kwa intaneti, akiwachorea ati amepasuliwa moyo, ati alikufa kwa meza ya upasuaji wakamrudisha. Hiyo ni 2009. Watu wakampea pole, wakarudi kwa skeitibodi zao. Lakini nadhani ni hapo alionja kitu: pole ya mtu humjui ni tamu, na huyo mtu hawezi kukuitisha karatasi ya hosi.

Hiyo karatasi ishikilie. Tutaihitaji huko mbele.

2013 anafungua akaunti ya Instagram, healing_belle. Safari hii stori imeiva. Ako na kansa ya ubongo. Madaktari walimpea wiki sita, wakivuta sana miezi minne, na hiyo ilikuwa 2009. Alijaribu kemo na mionzi kwa muda, akaona inammaliza, akasare hosi. Akaanza kujitibu na dishi safi: ngano zii, maziwa ya ng'ombe zii, sukari ya dukani zii. Akaongeza dawa za Ayurveda, oksijeni, na zingine zinaingilia mahali sitataja kwa gazeti. Na sasa mcheki. Ngozi inang'aa, meno nyeupe, mtoi kiunoni, bakuli ya matunda imepangwa kama maua. Miaka minne baada ya wiki sita.

Agosti 2013 anatoa apu inaitwa The Whole Pantry. Mapishi na mawaidha ya kuishi fiti, dola 3.79 za Australia, hiyo time ni kama soo tatu za huku. Ikatangazwa ati mwezi wa kwanza pekee watu 200,000 wameishusha kwa simu. Apple wakaichagua apu bora ya vyakula ya 2013. Penguin wa Australia wakampea dili ya kitabu, ikatoka Oktoba 2014, na wachapishaji wa Marekani wakajipanga kuitoa huko 2015. Apple wakamweka kwa mipango ya ile saa yao mpya, wakampeleka hadi Kalifonia. Cosmopolitan ya Australia ikampea tuzo. Manzi ana miaka 23. Baadaye kotini hesabu ilipigwa ikaonekana apu na kitabu zilimwingizia dola kama 420,000 za Australia. Hizo ni zaidi ya mita thelathini za Kenya, jo. Kwa mapishi ya parachichi.

Wacha tuongee kibiashara kidogo, juu ukiweka hasira kando, huyu manzi alikuwa mchuuzi noma. Ukiuza simu, mteja anaiwasha hapo hapo. Ukiuza mtumba Gikosh, mathe anaivuta kwa jua acheki tundu. Ukiuza mandazi imelala, kesho harudi. Lakini biz ya afya mali ni mwili wako mwenyewe, na hakuna mteja anaeza kuufungua acheki ndani. Akipona, ni unga. Asipopona, hakufuata maagizo. Akizidiwa, ni mwili unatoa sumu. Nionyeshe biz ingine haina siku ya hasara namna hiyo. Na si soko ya kuchezea: Global Wellness Institute walipiga hesabu ya dunia nzima ya 2023 wakapata dola trilioni 6.3, humo ndani ukiweka kila kitu, kuanzia jimu na masaji hadi chai za kushusha tumbo. Huko Westi wanaiita welnesi. Huku kwetu ni kujitunza tu.

Hiyo laini ya sumu siitoi kwa siriz. Anti yangu wa Umoja ako na presha zaidi ya miaka kumi. Mwaka fulani kwa grupu ya chama kukaingia manzi msafi, anaongea polepole, anauza chai ya majani fulani thao mbili na soo tano kopo. Na uskie hii vizuri: hakumwambia anti aache vidonge. Alimwambia tu yeye aliacha. Anti naye akaacha. Wiki ya tatu akaanguka pale Mutindwa akichagua nyanya. Tuko hosi, mdomo umeanza kupinda upande, binamu akampigia yule manzi na akaweka spika. Sote tukaskia sauti tamu: usiogope mpenzi, hiyo ni mwili inatoa sumu, muongezee kikombe ya asubuhi. Anti alitoka hapo akiwa hai. Mkono wa kushoto bado unamsumbua akisonga ugali. Yule manzi alitolewa kwa grupu, na juzi nikasikia ako kwa zingine tatu.

Ndio maana siezi kuicheki hii stori ya Belle kama burudani tu.

Kuna msee mwingine kwa hii stori, na kwangu ndiye anauma zaidi. Jessica Ainscough. Huyu alikuwa mwandishi wa magazeti ya vijana, na 2008, akiwa na miaka 22, madaktari wakapata sarkoma kwa mkono wake wa kushoto. Hiyo ni kansa ya ukweli, adimu, na mbaya. Wakajaribu kemo ya mkono peke yake, ikatulia, halafu ikarudi. Wakamwambia njia imebaki ni kuukata mkono wote mpaka begani. Jo, manzi wa miaka ishirini na kitu. Ni nani angekuwa na roho ya kusema sawa siku hiyo hiyo? Akakataa, akaingia kwa matibabu ya Gerson: glasi kumi na tatu za juisi kila siku, kila saa moja, kahawa ya kupitishwa nyuma, miaka miwili mfululizo. Akaandika kila kitu, akajiita shujaa wa welnesi, akapata wafuasi kibao. Mathe yake alipopatikana na kansa ya matiti akafuata njia ya binti. Mathe akafariki 2013. Jess akafariki Februari 2015, hajafika miaka 30.

Jess aliamini. Alikuwa anauza kitu alikuwa anaimeza mwenyewe, na ilimlalia. Siwezi mtoa lawama yote, kuna watu walimfuata. Lakini ukimpanga na Belle laini moja unaona kitu: mmoja alikuwa mgonjwa akaamini anapona, mwingine alikuwa mzima akajifanya mgonjwa anayepona, na kwa simu yako picha zao zilifanana. Ngozi ile ile, juisi ile ile. Belle alienda mazishi ya Jess, na wengi walimwona akilia.

Haikupita wiki mbili, stori yake mwenyewe ikalipuka.

Ilianzia karibu sana. Beste yake mmoja alikuwa ameanza kupiga hesabu na hazishikani. 2014, kwa bathdei ya mtoi wa Belle, keki iko mezani, watoi wamejaa, Belle akaanguka chini akaanza kutetemeka mbele ya kila mtu. Wakati mtu amesema aite ambulensi, ikawa zii, haina haja. Ukiwa na kansa ya ubongo, unaanguka, unakataa ambulensi? Beste akaenda kwake akamwambia wazi: nionyeshe karatasi. Skani, barua, jina la daktari, chochote. Hakuonyeshwa kitu. Akabeba wasiwasi wake akapeleka kwa wanahabari.

Hao ni Beau Donelly na Nick Toscano wa The Age, gazeti la Melbourne. Cheki akili yao. Kuandika ati mgonjwa wa kansa si mgonjwa ni kujitafutia kesi, sasa wao hawakuanzia kwa kansa. Walianzia kwa doo. Belle alikuwa amejitangaza ati sehemu kubwa ya faida inaenda kwa mashirika ya msaada, karibu dola 300,000 zimetoka tayari. Jamaa wakachukua simu wakapigia yale mashirika moja moja: mmepokea? Ikawa hatuna rekodi, hatukuwa tunajua jina letu linatumika, tulipata kidogo juzi baada ya nyinyi kuanza kuuliza. Machi 2015 stori ikatoka. Siku chache baadaye gazeti lingine, The Australian, likagusa kansa yenyewe. Mwezi uliofuata Belle akakaa na jarida la wanawake akakubali: hakukuwa na kansa. Hakuna hata kitu kimoja kilikuwa ukweli.

Juni 2015 akaenda kwa kipindi cha TV, 60 Minutes, na hapo ndipo alichoma picha kabisa. Swali la mtoi wa darasa la pili, uko na miaka mingapi, likageuka stori ndefu. Alikuwa amejiongezea tatu. Akaulizwa nani alimwambia ako na kansa, akasema ni jamaa alikuja nyumbani na kaboksi kana mataa na vyuma viwili, akamcheki nayo, akamwambia. Boksi. Ya mataa. Hapo nilikumbuka zile mashine zinawekwaga kwa kona za tao, unashika chuma, karatasi inatoka inasema figo yako ni asilimia fulani, halafu kwa bahati nzuri dawa iko hapo hapo kwa meza.

Sasa karatasi. Kesi dhidi ya Belle ilipofika kwa Mahakama ya Shirikisho ya Australia, ikatokea ati kulikuwa na karatasi siku zote. 2011, hosi moja ya Melbourne ilimpiga skani ya ubongo. Majibu: hakuna uvimbe. Yaani miaka miwili kabla ya apu, kabla ya kitabu, kabla ya tuzo, jibu lilikuwa kwa faili. Ingechukua mtu mmoja tu kwa hizo kampuni zote kusema, tafadhali tunaomba kuona. Wachapishaji walimkalisha 2014 wakamfanyia mazoezi ya intavyuu, kamera inarekodi, wakimuuliza maswali magumu ambayo waliona waandishi wataleta. Wao wenyewe waliona swali linakuja! Na wakachapa kitabu hivyo hivyo. Baadaye Penguin wakakubali kutoa dola 30,000 kwa mfuko wa kutetea wanunuzi wa jimbo la Victoria, juu ya kuchapa bila kuhakiki.

Jaji Debra Mortimer akatoa uamuzi Machi 2017, na Septemba mwaka huo akapiga faini ya dola 410,000. Watu wengi hudhani faini ilikuwa ya kudanganya kuhusu kansa. Soma mgawanyo wake vizuri: 90,000 juu ya mauzo ya apu hayakufika kwa msaada, 50,000 juu ya doo za uzinduzi, 30,000 juu ya shughuli ya siku ya akina mama, 90,000 juu ya faida zingine za kampuni. Na kipande kubwa kuliko zote, 150,000, ilikuwa juu ya mtoi mmoja mdogo. Huyo kijana alikuwa na uvimbe wa ubongo wa ukweli, hauwezi kupasuliwa. Belle alikuwa amefahamiana na familia, akatangaza ati mauzo yote ya wiki moja yataenda kwao. Hayakuenda. Na inaonekana alikuwa akimuuliza mathe ya mtoi maswali mengi kuhusu dalili, na hapo ndio mimi niliweka simu chini nikatoka nje kuvuta hewa.

Belle ata hakuhudhuria hiyo kesi. Na hajawahi lala ndani. Ilikuwa kesi ya madai chini ya sheria ya kulinda wanunuzi, hakuna karao alikuja na pingu. 2019 ndio alifika kotini kuhojiwa juu ya doo zake, akasema hana. Wakili akamuuliza juu ya trip ya Bali na nyingine ya Afrika.

Na Afrika haikuisha hapo. Hii pati ukiwaambia wasee wa Isich wanacheka mpaka chai inamwagika. Januari 2020 video ikaonekana: manzi amejifunga kitambaa kwa kichwa, anaongea na kituo cha habari cha Waoromo, anaitwa Sabontu. Anabonga juu ya Oromia kama nyumbani kwao, ati jamii imemkubali kama wao. Kiongozi mmoja wa jamii hiyo, Tarekegn Chimdi, akatoka akasema huyu si wetu, na hafanyi kazi na sisi. Kwa wale hawajui, Waoromo ni mamilioni kwa mamilioni Ethiopia, na huku Kenya tuko na ndugu zao Waborana na Waorma, na nusu ya kahawa nzuri ya Isich inachomwa na mikono yao. Watu wamekimbia vita na njaa wakibeba hilo jina. Yeye alilivaa kama shuka. Ukiniuliza, hiyo video inaeleza kazi yake yote kushinda siriz nzima: anatafuta mahali maumivu ni ya ukweli, anaketi katikati yake, anangoja pole.

Kuna wasee watasema hii ni shida ya wazungu, wana pesa mob na upweke mob. Zii. 2011 sisi wote tulikuwa Loliondo. Kama si wewe, basi ni jirani yako. Magari yamepanga foleni kilomita nyingi kwenda Samunge kwa Babu Ambilikile Mwasapile, kikombe kimoja cha dawa yake shilingi 500 za Tanzania, na Wakenya walivuka boda na wagonjwa wakiwa na dripu kwa mkono. Babu alifariki 2021. Lakini Babu, useme utakavyo, bei yake ilikuwa ya maskini, na hakusema yeye ndiye alikuwa mgonjwa. Aliota ndoto, akaisimulia ndoto. Hakupewa tuzo na Apple.

Na hapo ndipo nyongo yangu iko. Jamaa wa Muthurwa anachekwa. Konda anamfukuza, askari wa kanjo wanamnyang'anya mali, mwanafunzi wa chuo anamrekodi aweke TikTok. Kila mtu kwa hiyo mat anajua anaeza kuwa anapangwa, ata mathe mwenye kununua, na finje yake anaitoa akijua hivyo. Lakini weka stori hiyo hiyo kwa jikoni nyeupe, dirisha kubwa, mwanga wa asubuhi, Kizungu laini, na ghafla kampuni kubwa za dunia zinasahau kuuliza swali ambalo konda wa Kayole angeuliza: buda, una uhakika? Usafi wa jikoni ndio ulikuwa karatasi yake. Na huku Nairobi tumeanza kupangwa hivyo pia. Mchuuzi wa leo hapandi mat. Ako kwa simu yako saa tano usiku, amevaa nguo za jimu rangi ya krimu, ana mafolowa. Wanaitwa mainfluensa, na mimi nikiliskia hilo jina huwa nafikiria homa.

Sisemi kila mtu wa hii biz ni mkora. Kuna wera ya maana. Africa Yoga Project ilianza hapa hapa Nairobi 2007. Paige Elenson, manzi wa Marekani, alikuja safari na familia yake, akaona vijana wa sarakasi wakisimama kwa mikono, akajiunga nao hapo hapo, na mambo yakaendelea. Vijana wa mtaa walifunzwa wakawa walimu wa yoga, wakaenda kufunza mashuleni, jela na vituo vya watoi. Ukienda darasa lao unatoka jasho, mgongo umenyooka, na hakuna mtu anakuambia uache dawa zako. Hiyo mali unaipima mwenyewe: kesho asubuhi misuli itauma ama haitauma. Trena wa jimu wa Umoja anayekupigisha skwoti ni hivyo hivyo. Hahitaji kansa ndio umlipe.

Kwa hivyo mimi siku hizi niko na kasheria kangu. Mtu akiniuzia kitu inatibu, sicheki ngozi yake. Naitisha karatasi. Dawa inafaa kuwa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na sheria ya kulinda mnunuzi Kenya tuko nayo tangu 2012. Akisema faida inasaidia watoto, namuuliza kituo gani, halafu napiga simu vile jamaa wa The Age walifanya. Dakika tano tu. Mara mbili nimeblokiwa, mara moja nimeitwa mtu wa roho mbaya, na kwa grupu ya familia siku hizi nikiandika "risiti iko?" wananiita inspekta.

Faini ya Belle, ukiongeza riba, ilikuwa imepita nusu milioni ya dola. Maafisa walivamia keja yake Melbourne Januari 2020, wakarudi Mei 2021, kutafuta vitu vya kuuza. Mwanzo wa 2025, siriz ikiwa inatrendi, waziri mkuu wa Victoria, Jacinta Allan, alikuwa bado anasema serikali yake haijamwacha. Deni lilikuwa bado halijalipwa.

Na wewe unasoma hii, kama mathe yako ama shosho ako na presha, mpigie leo umuulize kama bado anameza zile vidonge. Usimuulize kama ako fiti. Atakuambia ako fiti.